Kola Iliyoungua

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Leo naanza, na nimeapa: nitaandika yote, hata yanayoniaibisha. Mtu asisome. (Wewe, Bwana, unasoma bila ruhusa.)

Mama ameshona majoho kumi na manne ya kwaya. Yananing'inia chumba cha mbele, meupe, na upepo ukiingia dirishani yanavuta pumzi pamoja. Jumapili ijayo ubeti wa kwanza ni wangu peke yangu — mimi! Jana nilikuwa nayapiga pasi huku nikiimba. Nikafumba macho kwenye noti ya juu. Nilipofumbua, pasi ilikuwa imelala juu ya kola. Alama ya kahawia, umbo la jani. Nikaliacha joho mezani, nikatoka.

Kila asubuhi Bibi humsaidia Mama kupiga pasi. Macho yake yana ukungu, lakini vidole vinaijua kazi. Leo Mama alipoiona kola, Bibi akacheka kidogo. "Basi ni mimi. Uzee huu!"

Nilikuwa napiga mswaki. Povu tele mdomoni. Sikusema.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Sauti imekwenda! Imeondoka kama mgeni asiyeaga. Muuguzi kasema nisitoe neno hadi Jumapili, wala kunong'ona. Nikinong'ona, ubeti nisahau.

Ni adhabu? Mwalimu wetu wa shule ya Jumapili alisema mtoto wa Mungu akirudiwa kwa adhabu hukosea kwa njia mbili: hujifanya hajapigwa, au hulia kwamba ameachwa. Afadhali aulize, "Baba, unaninyoosha wapi?"

Jibu ninalo. Ndiyo maana siulizi.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mjomba amekuja. "Dada, leo kola, kesho nyumba!" Jumamosi anamchukua Bibi akaishi kwake. Huko hatashika pasi wala jiko. Atakaa tu.

"Kama pambo la kabatini," Bibi akasema. Wote wakacheka. Lakini mikono yake ilikuwa mapajani, ikikunja na kukunjua pindo la gauni, pole pole, kana kwamba imelala na inaota kazi.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Nimeota majoho yanaimba bila watu. Kumi na matatu. La kumi na nne lilinigeukia, lile jani la kahawia likafunguka kama mdomo, na ndani palikuwa kimya, kimya chenye mwanga. Sikuogopa. Nikaamka nikiwa nimelia, na mto umelowa.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Nimeandika yote kwenye karatasi. Kisha nikakumbuka — Bibi hasomi! Nikampa Mama amsomee.

Mama alikuwa anaifumua ile kola, sindano mdomoni. Akasoma mara mbili. Laiti angefoka.

"Mdomo ulionyamaza ndio utakaosema," akasema.

Nikamwonyesha koo. Nikamwonyesha joho langu ukutani.

"Naona. Jumapili ni ya Mungu, mwanangu, si yako." Akainua joho lisilo na kola. "Nimefumua pabaya tu. Kitambaa nimekitupa?" Akarudi kwenye cherehani.

Sasa niko sakafuni, nje ya chumba cha Bibi, naandikia gotini. Mlango uko wazi kidogo. Amekaa kitandani, sanduku miguuni, jua limemwangukia begani. Gari la Mjomba limesimama nje.

"Ni wewe, mke mwenzangu?" ananiita, utani wake wa siku zote. "Nasikia kalamu inakwaruza. Njoo uniage, hata bila maneno."

Kooni nahisi sauti kidogo sana, kama maji chini ya kikombe. Ya sentensi moja, labda. Bwana, ubeti siombi tena. Lakini nijibu upesi, Mjomba anapanda ngazi: nikiimwaga yote sikioni mwa Bibi, nitajua kwamba siku zote hizi hukuwa unanipiga tu, ulikuwa umenishika mkono?