Kalsiamu ya Ukoo Wetu

Kariobangi Kusini,
Jumapili.

Mama mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba mguu umepoa. Sisi hatujambo. Mkweo Javan bado anachomelea milango pale kwenye karakana za jua kali, na mwanao Bwire, atakayekukabidhi hii, utaona jinsi alivyonenepa. Nimeona nikuandikie maana kwenye simu ukishasikia neno hospitali, husikii lingine.

Tangu Krismasi nilikuwa nachoka ovyo. Nikapimwa damu, ikaonekana kalsiamu iko juu. Daktari wa kwanza akasema huenda nikapasuliwa shingo. Nilikumbuka kovu lako la shingoni, ulipopasuliwa kwa kalsiamu hiyo hiyo, na ulivyolaumiwa baadaye kwamba damu haikurudi sawa kwa sababu hukumeza dawa. Nikamwambia Javan sipasuliwi kabla ya kuuliza kwingine.

Tukaenda kwa Daktari Ladan. Aliuliza zaidi habari zako kuliko zangu, akapima mkojo, kisha akatuma damu ikapimwe vinasaba. Majibu yalipotoka alisema ni hali ya kurithiwa, nadra sana. Yeye amekutana na familia mbili tu, nasi wa tatu. Ila idadi kamili haijulikani, kwa kuwa wengi walio nayo hawaumwi, wanazeeka bila kupimwa. Haichagui mwanamume wala mwanamke. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto huenda akairithi au akaikosa, nusu kwa nusu. Bwire amepimwa, hana, na sasa analalamika kwamba amenyimwa urithi.

Kwa kawaida haihitaji dawa wala kisu. Nilipomweleza lawama ulizobeba, daktari alisema, "Mwambie mama hakukosea. Damu yenu ndivyo ilivyo."

Nililia pale pale, mama, kwa kufarijika.

Sasa nikwambie nililokuficha. Uchovu ule haukuwa wa kalsiamu. Nina mimba ya miezi mitano. Baada ya ile iliyoharibika, niliogopa hata kuitamka. Najua ungetaka nijifungulie nyumbani, lakini awe amerithi au la, mtoto atahitaji kuangaliwa damu siku zake za mwanzo, maana kalsiamu yangu huenda ikavuruga yake, kwa hiyo atazaliwa huku.

Njoo wewe, kabla ya Julai. Kitanda chako Javan amekiunda mwenyewe.

Baba msalimie sana, na mama Wanyonyi pia. Jina la mtoto tumekuachia wewe.

Ni mimi binti yako,
Khalayi