Paneli na Mfuko wa Gauni

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kidole kile kilichochomwa na sindano kinaendeleaje? Dada aliniambia umekifunga kitambaa na bado unashona, nikajua hapo hakuna mgonjwa. Mimi ni mzima, ila mashavu yananiuma kwa kucheka.

Unakumbuka nilikueleza kwamba natengeneza programu ya kompyuta, kwa lugha ya Java, kwa ajili ya dirisha la dawa la zahanati? Ndani ya dirisha la kompyuta hukaa paneli, yaani kile kipande kinachobeba vitufe na orodha ya wagonjwa. Sasa paneli yangu iligoma kuonekana. Siku tatu, mama. Nikifungua programu, dirisha linatokea tupu. Nikaiongezea ukubwa, nikaiamuru ijichore upya, nikaibembeleza, wapi. Na leo asubuhi muuguzi mkuu alikuwa anakuja kuikagua.

Akaja kweli. Akatazama, akasema dirisha analiona ila dawa hakuna, na kwa hilo hakuhitaji kompyuta, maana zahanatini analo tayari. Ofisi nzima ikaangua kicheko, mimi jasho linanitoka.

Mkuu wangu, tunayemwita Miwani, hakucheka. Aliniambia niipake paneli rangi nyekundu. Nikaipaka, dirisha likabaki kijivu vilevile. Akaniuliza kama nina hakika kilichomo dirishani ndicho ninachokipaka.

Hapo nikakukumbuka wewe na lile gauni la mwalimu. Ulikata mifuko miwili, mmoja ukautarizi maua kutwa nzima, kisha ukashonea ule mtupu. Nikarudi kwenye mistari ya programu yangu, kumbe na mimi nilikuwa na paneli mbili. Moja niliinakili kutoka kwenye mfano, inaitwa “panel”. Nyingine niliiandika mwenyewe, nikaiita “paneli” kwa Kiswahili chetu. Vitufe vyote nimevipanga kwenye paneli, halafu dirishani nikaweka panel. Herufi moja tu ndiyo iliyonizungusha siku zote hizo. Nikaiongeza, dirisha likajaa, jekundu kama pilipili. Muuguzi akapiga makofi, akasema dawa zimefika, ila rangi hiyo itawakimbiza wagonjwa.

Sasa mama, kuna jambo linanikaa rohoni. Mwezi wa tatu uliponiambia nirudi nyumbani tushone pamoja, nilikujibu kwamba nimeshaajiriwa. Nilikudanganya. Nilikuwa kwenye majaribio, na ukaguzi wa leo ndio ulikuwa uamue nibaki au nifungashe virago. Niliona aibu kukwambia, na kila uliponiombea heri kazini moyo uliniuma. Nisamehe.

Muuguzi alipoondoka, Miwani aliniletea karatasi ya ajira nitie sahihi. Kwa hiyo ule uongo wangu, mama, umekuwa kweli leo saa nne asubuhi.

Msalimie dada, umwambie asikucheke tena kwa ule mfuko, umenipa kazi.

Ni mimi,
Kitindamimba wako