Redio ya Gari la Baba

Jumatatu, 4 Machi

Nimeiua redio ya mama. Niandike hivyo hivyo, bila kuzungukazunguka.

Betri ya gari la baba ilikuwa imechoka. Nikaleta mpya kutoka gereji, nikaifunga mwenyewe, mbiombio. Magari yote ninayoshika siku hizi, waya wa hasi ndio unaokwenda kwenye bodi. Hili la baba ni la enzi nyingine — chanya ndiyo inayokwenda kwenye bodi. Na ninajua! Nimejua tangu utotoni. Baba alilinunua mwaka niliozaliwa, likiwa tayari kuukuu, na alikuwa ameandika onyo kwa rangi nyekundu chini ya boneti. Rangi imefutika, mikono yangu ikafanya ilivyozoea. Mazoea yana taabu. Nikasikia tsss, kisha harufu ya kuungua, kisha moshi mwembamba ukatoka kwenye dashibodi. Miaka ishirini na miwili ya umeme wa magari! Fundi mzima!

Nikageuza nyaya kabla baba hajafika. Alipouliza kulikoni, nikamwambia redio imezeeka tu. Akasema haya, kila kitu na siku yake. Uongo umenitoka bila hata kukohoa.

Jumanne, 5 Machi

Mama hajala.

Nyumbani hatulii. Tangu mwaka juzi akili inamtoka kidogo kidogo, na anazunguka vyumba vyote akitafuta mlango wa kwao. Mahali pekee anapotulia ni ndani ya lile gari, kiti cha mbele upande wa abiria. Gari lenyewe haliendi popote, liko kwenye banda. Saa nane mchana ni kipindi cha salamu. Fulani anamsalimu fulani na fulani, ujumbe wake unasema hivi. Mama anasikiliza kwa mdomo wazi, na baba anapitisha kijiko cha supu. Ndiyo namna tuliyopata ya kumlisha. Hakuna nyingine, tumejaribu zote.

Leo redio kimya, na mdomo umefungwa kama mlango wa ofisi siku ya sikukuu.

Anangoja salamu za mtoto wake wa mwisho. Anasema alikwenda mbali kujifunza kazi na hajatuma hata neno. Kitinda mimba huyo ni mimi. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, bisibisi mkononi. Akanigeukia kwa adabu zote — fundi, bado?

Bado, mama. Ananiita fundi mwaka wa pili sasa. Mtu angedhani nimezoea.

Alhamisi, 7 Machi

Vipuri vya redio ile havitengenezwi tena. Nimeuliza kila niliyemjua. Mmoja alicheka.

Kwa hiyo nitatia redio ya kisasa. Baba amekubali kwa sharti moja: mama asione kitu kipya hata kimoja. Mwaka jana alibadilisha kioo cha pembeni tu, mama akapiga kelele siku mbili kwamba gari ni la wizi na tumemteka. Alimng'ata baba kidole. Kovu lipo.

Basi mpango ni huu. Uso wa redio ya zamani unabaki — vifundo viwili, kioo chenye namba, taa yake ya manjano. Tumbo nimelikomba lote. Humo nimeingiza kile kidude kipya, kidogo kama kipande cha sabuni. Kifundo cha kushoto kinawasha kwa ule mlio wake, tak. Na kwa kuwa bodi ya gari hili imefungwa kinyume, sitaki kidude kiguse chuma chochote. Nimekivisha mpira, nikakipa betri yake ya pikipiki chini ya kiti cha nyuma. Nimeangalia chanya na hasi mara nne. Mara nne! Ungeangalia mara moja Jumatatu, bwana mkubwa.

Mama amekula vijiko viwili vya supu leo. Kimoja alikitema.

Ijumaa, 8 Machi

Fundi wa viti amekuja kuficha spika. Mwanamke mwenye sindano mdomoni na maneno yanayopita pembeni ya sindano. Ameniuliza inakuwaje natengeneza redio za watu wote mjini na ya mama yangu iko kimya. Kinyozi hajinyoi, eh? Nikacheka. Angejua.

Spika mbili zimeingia ndani ya egemeo la kiti cha nyuma. Alifumua ngozi polepole, uzi mmoja mmoja, kisha akashona upya kwenye matundu yale yale ya zamani, tundu kwa tundu, kwa uzi aliouchovya kwenye chai ya rangi ili usionekane mpya. Saa tatu za kazi. Mwisho nikapitisha kidole, sikujua alifungua wapi. Nilimwonea wivu kidogo. Mtu anayegusa kitu cha zamani bila kukiharibu!

Mama alikuwa dirishani muda wote. Akamuuliza baba, yule mama anamshonea nani sanda?

Jumapili, 10 Machi

Imeshindikana.

Kila kitu kilikuwa sawa. Mama akakaa, akapapasa dashibodi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Taa ya manjano ile ile. Baba akazungusha kifundo, tak — na mtangazaji akasema pale pale, waziwazi, kana kwamba amekaa nyuma yetu.

Mama akaruka. Hii si yetu! Gari la nani hili? Akauvuta mlango, akajigonga goti, akakimbia pekupeku hadi kwenye lango. Tulimshika wawili. Mzito kama gunia la maharage alipokuwa mzima, sasa mwepesi — na bado tulishindwa nguvu. Alinitazama usoni akaniomba nimwachie, ana watoto.

Sijui nimekosea wapi. Sina hamu hata ya kuandika.

Jumatatu, 11 Machi

Baba ndiye aliyegundua. Asubuhi, akinywa chai, ghafla akasema: yetu ilikuwa inachelewa.

Ndiyo! Redio ya zamani namna ile ina taa za kioo tumboni, mpaka zipate moto haisemi. Unaiwasha, inanyamaza, inaanza kuvuma mmm, na baada ya nusu dakika ndipo mtu anasikika, kwanza mbali, halafu karibu. Miaka arobaini na sita nimeisikia ikiamka hivyo, na nikaisahau. Mama hakuisahau. Jina langu limemtoka, hii imebaki.

Nikaona nimwambie baba ukweli wote. Betri, moshi, uongo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini. Akasema alikuwa dirishani siku ile. Nilikuona ukigeuza nyaya, mjinga wewe, nilikuwa nangoja tu uwe mtu mzima. Siku za mwizi arobaini. Zangu hazikufika hata kumi. Sikujua nicheke au nilie, nikafanya yote kidogo kidogo. Kisha akaniuliza, sasa utaweza kuichelewesha?

Nimeweza. Swichi ya muda, sekunde thelathini. Mvumo nimeurekodi kwenye redio kuukuu ya gereji. Besi nimeikata yote, sauti ikawa ya puani. Kazi ya kuharibu redio nzuri ili ifanane na mbovu — sijawahi kufanya kazi kwa uangalifu namna hii.

Jumatano, 13 Machi

Tak. Kimya. Mmm. Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Ishirini na nane, ishirini na tisa — na mtangazaji akaja kutoka mbali.

Mama akaegemea kiti. Akafumba macho. Baba akapitisha kijiko, mdomo ukafunguka!

Vijiko saba. Cha nane akakikataa. Kipindi kilikuwa kimekwisha, akauliza: na wangu? Hajanisalimu tena leo?

Baba akanifuata jikoni. Akasema kwa sauti ya chini, hicho kidude si kinapokea simu yako? Nikasema kinapokea. Akasema basi msalimu mama yako. Nikamwambia huko ni kumdanganya mgonjwa. Akakasirika kweli. Udanganyifu uko wapi? Wewe si mwanawe? Au umeacha?

Alikuwa na haki, mzee.

Alhamisi, 14 Machi

Nimerekodi bafuni, nimefunga mlango. Mara tisa. Mara nane sauti ilivunjika katikati.

Salamu hizi zimfikie mama yangu mpendwa, popote alipo. Ni mimi kitinda mimba wako. Nipo salama, kazi naipata. Ujumbe wangu unasema: kula vizuri mama, nakuja hivi karibuni.

Nilijificha jikoni na simu, nikamwona kupitia dirisha. Sauti yangu ilipotoka, alishika dashibodi kwa mikono miwili. Akamwambia baba: nyamaza! Baba wala hakuwa anasema. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akalitaja jina langu. Lote, na lile la utani la utotoni juu yake, ambalo hata mke wangu halijui.

Akala bakuli zima. Akalamba kijiko.

Nililia kwenye sinki, maji yanatiririka ili baba asisikie. Yalikuwa machozi ya furaha, nadhani. Mama ananijua. Ananijua kwa sauti.

Ijumaa, 15 Machi

Asubuhi nimemkuta amevaa nguo ya kutokea. Vifungo vimepishana. Ndani ya gari tangu saa moja.

Hakula asubuhi. Saa nane tukawasha, nikamchezea salamu zile zile. Akatabasamu — lakini mdomo haukufunguka. Amesema atakula na mwanawe. Mtu hali peke yake wakati mgeni yuko njiani. Baba akambembeleza, mama akakisukuma kijiko, supu ikamwagika kifuani.

Nani alinituma niongeze "nakuja hivi karibuni"? Baba hakuniambia. Niliyaongeza maneno hayo mwenyewe, mara ya tisa, kwa kuwa yalisikika vizuri.

Jumamosi, 16 Machi

Siku ya pili bila kitu ila maji. Daktari kwa simu amesema tukifika kesho hivi, tumpeleke wamtie mpira wa kulishia puani. Baba amesema hapana, atauvuta, watamfunga mikono.

Saa nane kasoro baba akanipa wazo lake. Nitoke nje ya lango, nivae shati safi, niingie kama mtu anayetoka safari. Simu nikamwachia baba, nikabeba na begi. Naona aibu kuandika, lakini nilibeba begi, tupu.

Redio ikavuma, ikaamka. Salamu zikapita. Nikafungua lango nikaita, mama! Nimefika!

Akainua kichwa haraka. Macho yakawaka — niliyaona, sikosei. Yakanifikia usoni, yakasimama, yakanipita, yakaenda kwenye lango nyuma yangu. Nikasema tena, mama, ni mimi. Kwa maneno yale yale ya redio, kwa sauti ile ile ya puani. Nikajaribu mpaka jina la utani.

Akanionyesha kwa mkono, kwa upole kabisa. Fundi, sogea kidogo. Unamzibia njia mwanangu.

Nimesogea. Nimekaa nyuma ya gari, daftari juu ya begi. Ndani nasikia sauti yangu ikimsalimu, baba ameirudisha mwanzo. Bakuli liko juu ya boneti, limeanza kuganda mafuta. Baba ananitazama kupitia kioo cha nyuma, na kwa kidevu ananionyesha lango: toka, uingie tena.