Nani Sasa Mama Mchungaji?

10 Februari

Mwanangu Chiriku,

Hujambo? Kile kikohozi ulichoondoka nacho kimekuacha, au bado unakibeba kama mtoto wa mgongoni? Mimi sijambo. Goti la kushoto hulalamika asubuhi, likishapata chai linanyamaza. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu nasikia upepo tu, na wewe unasema mbio. Jina la Chiriku hukupewa bure.

Tangu uliporudi kazini baada ya mazishi ya mama yako, nyumba imetulia. Sufuria za watu zimerudishwa, isipokuwa moja ya bluu ambayo hakuna anayeidai. Wageni wamepungua. Nikadhani sasa nitakaa nipumzike. Jumatatu nikasikia kelele kwenye mlango wa ukumbi wa kanisa. Kumbe ni watoto wa darasa la mama yako. Likizo imekwisha, wamekuja. Watu wazima wote tuliwapa habari za msiba, lakini hakuna aliyekumbuka kuwaambia watoto wa miaka minne kwamba mwalimu wao hayupo tena.

"Mchungaji, fungua," mmoja akaniambia, kama mtu anayemwamsha bawabu.

Nikafungua. Mwanangu, nimehubiri zaidi ya nusu ya maisha yangu, lakini asubuhi ile nilitoka jasho. Niliwasimulia habari za Nuhu. Wakataka kujua simba alikula nini ndani ya safina siku zote zile, ikiwa mbuzi waliingia wawili na wakatoka wawili. Nikawaimbisha ubeti uleule mpaka wazazi walipokuja kuwachukua. Mama yako angecheka ashike mbavu.

Kuna jambo lingine. Barua ya Sinodi imefika. Unatujua sisi Wamethodisti, mchungaji haachwi kituo kimoja akaota mizizi. Mwezi wa nane natakiwa kuhamia kituo kingine, mbali, kwenye nyumba iliyo nyuma ya soko. Nimewaandikia wanibakize hapa mpaka nistaafu. Nimewaambia darasa halina mwalimu. Tena anayekuja kushika nafasi yangu ni mchungaji mwanamke, ana mume si mke, kwa hiyo hakutakuwa na mama mchungaji wa kulipokea. Naona sababu hiyo ina uzito. Wewe waonaje?

Wasalimie wenzako wa karakana ya miwani.

Ni mimi baba yako.

25 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti lipe pole zangu, na uliambie chai isizidi sukari. Kikohozi kimekwisha. Nakuandikia wakati wa mapumziko, vidole vina unga wa vioo. Asubuhi hii amekuja mama mmoja na miwani iliyopinda kama pweza. Mumewe aliikalia. Mume mwenyewe alikuwa nyuma yake, anajitetea kwamba miwani ndiyo iliyotangulia kukaa kwenye kiti.

Nimecheka habari za Nuhu. Halafu nikafikiria Jumapili zako. Nani anakuzuia siku hizi? Mama alikuwa na ile Biblia yake yenye kasha la zipu. Ukipitisha wakati, zrrr, anaifunga, na wewe mimbarini unasema "Amina" kama mtu aliyevutwa shati. Waumini walidhani ni Roho Mtakatifu.

Sasa usinikasirikie, baba. Ile sababu uliyowapa Sinodi haina uzito. Mama alianzisha darasa katika kila kituo tulichokaa, na kila kituo aliliacha. Tulipohama ile nyumba yenye ngazi nyekundu nililia, nikamuuliza nani atawafundisha wenzangu. Akaniambia, "Kwani mimi nilipokuja nilimkuta nani?" Akampa funguo mke wa mtunza kanisa, akapanda gari. Mke wa mtunza kanisa mwenyewe alikuwa bado anasoma kwa kufuata kidole, lakini mwaka uliofuata darasa lilikuwa limejaa.

Unajificha nyuma ya watoto wa miaka minne, baba, na hawatoshi kukuficha. Una mwili.

Binti yako,
Chiriku

30 Aprili

Baba,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa ile ya Februari ambayo hukuniitikia. Miezi miwili! Hata salamu ya goti sikuipata. Ulimi hauna mfupa, nami wangu unajulikana. Kama nimekuumiza, nisamehe.

Nikupe habari moja ya kukulainisha. Juzi amekuja msichana kupimwa macho. Nikampa ubao wa herufi, akausoma wote mpaka mstari wa chini, ule ambao hata mimi naukisia. Nikamwambia, "Dada, wewe miwani ya nini?" Akasema anaumwa kichwa tu. Kisha, nilipomshika kidevu nimwelekeze kwenye mwanga, akacheka. "Mwalimu wangu wa kwanza alitushika hivihivi. Mama mchungaji mmoja wa Kimethodisti. Alisema akili ya mtoto inaingilia kidevuni." Nikamuuliza ni kituo gani. Baba, ni kile cha kwanza kabisa, kabla sijazaliwa. Yule hakufundishwa na mama hata kidogo, umri wake haukubali. Alifundishwa na mtu aliyefundishwa na mama, naye akachukuliwa kuwa mama mchungaji mwenyewe! Sikumsahihisha. Nilimpunguzia bei.

Niandikie, hata mstari mmoja wa matusi.

Mwanao mkosefu,
Chiriku

16 Mei

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, zote mbili. Habari za huko? Mimi mzima. Sikukukasirikia zaidi ya wiki moja. Wiki zilizobaki nilikuwa nafundisha, na anayefundisha watoto wale jioni hana nguvu ya kushika kalamu. Nimejua kwa nini mama yako alikuwa akisinzia na kijiko mkononi.

Habari za yule msichana nimezisoma mara nyingi. Nimeziweka ndani ya kitabu cha nyimbo.

Sinodi wamekataa. Lazima nihame. Wiki iliyopita mchungaji mpya alikuja kuiona nyumba. Ni mama mchangamfu, na amekuja na mumewe, seremala, mtu mkubwa ambaye mlangoni aliinama. Wanawake wa Umoja walikuwa wamejipanga sebuleni na sare zao. Mwenyekiti wao akasimama.

"Desturi yetu," akasema, "mke wa mchungaji ndiye mlezi wa Umoja wa Wanawake. Sasa mke wa mchungaji..." Akamtazama yule bwana tangu viatu mpaka ndevu. "Ndiye huyu?"

"Na tutamwitaje?" mhazini akauliza. "Mama mchungaji?"

"Ndevu zote hizo!"

"Basi baba mchungaji."

"Baba mchungaji si huyu mzee wetu anayeondoka?"

"Na kilemba je? Mlezi lazima avae kilemba cha sare."

Yule seremala akajibu taratibu, "Kilemba nitavaa, mama zangu, mradi kibakize nafasi ya penseli sikioni."

Chiriku, walicheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitambaa cha meza. Mkewe ndiye aliyecheka zaidi. Akasema, "Mimi nahubiri, yeye analea. Kwetu ndivyo tulivyo, na watoto wetu wamekua."

Nikawapeleka ukumbini. Seremala akaona vile viti vidogo, akakitikisa kimoja. "Hiki kinacheza kuliko watoto," akasema, akakaa chini sakafuni, akatoa nyundo mfukoni. Watoto wakamzunguka.

"Fundi, hicho ni changu."

"Basi kikalie uniambie kama kimepona."

"Bado kinaumwa kidogo."

"Kinaumwa wapi? Nionyeshe."

Kufikia saa ya kurudi nyumbani walikuwa wamepimana wote kwa uzi wake, wanajua nani mrefu kuliko dirisha na nani mfupi kuliko benchi. Mmoja akasema anataka kuwa mbao. Mwenyekiti wa Umoja akaninong'oneza, "Mchungaji, nadhani mama mchungaji tumempata."

Nilifurahi. Halafu, nikiri, nikaona wivu. Watoto hawakuniaga.

Sasa sina sababu tena, kwa hiyo nikwambie ukweli. Nyumba zote tulizohamia, mama yako ndiye aliyetangulia kuingia. Mimi nilibaki nje na wabeba mizigo. Yeye alipita na ufagio, akifungua madirisha, namsikia akiimba chumba kwa chumba, mpaka anatokeza mlangoni na kuniambia, "Karibu kwako." Sijawahi kuingia nyumba ya kanisa bila kukaribishwa. Hiyo ya nyuma ya soko naiwaza usiku na mchana, najiona nimesimama nje na funguo, sithubutu. Watoto walikuwa kisingizio. Uliona vizuri, na si ajabu, kazi yako ni macho.

Ni mimi baba yako.

2 Juni

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea chooni karakanani, maana wenzangu hawapendi mtu anayelia karibu na vioo vilivyosafishwa.

Nimeomba likizo ya mwezi wa nane na nimepewa. Siji huko kwako kukusaidia kufunga mizigo, Umoja wa Wanawake na mlezi wao mwenye ndevu watakusaidia. Mimi nakwenda moja kwa moja nyuma ya soko. Waambie wanitumie funguo.

Siimbi kama mama, unajua mwenyewe, nikianza hata panya watahama. Lakini kufagia najua. Nilikuwa nikiruka pembe, naye ananirudisha kwenye pembe ileile mpaka nimkute ameridhika.

Nitatangulia, baba. Wewe njoo tu.

Chiriku

12 Septemba

Mwanangu Chiriku,

Hujambo, na safari ya kurudi ilikuwaje? Mimi ni mzima kabisa. Goti limependa hewa ya huku.

Kuna jambo sikukusimulia ulipokuwa hapa, tulikuwa na kazi ya mapazia. Siku ya kuondoka kule nilipitia makaburini kwa mama yako. Nikamwambia tu kwamba tumehamishwa. Nikaona hiyo imetosha, amewahi kuisikia.

Ulipotokeza mlangoni na utando wa buibui kwenye nywele, ukasema, "Karibu kwako, mzee, na ufute miguu," niliinama nikafuta miguu muda mrefu, usiyaone macho yangu. Ulidhani nimeudhika na habari ya miguu. Hapana.

Sasa sikiliza ya Jumatatu. Nilikuwa nakunywa chai, mlango ukagongwa. Mwanamke wa sokoni, muuza vitunguu, ameshika mkono wa mtoto wa kike anayejificha nyuma ya sketi.

"Mama mchungaji yupo?" akauliza. "Nimesikia Wamethodisti wameleta mchungaji mpya, nikasema basi na darasa limekuja. Watoto wa dada yangu walisoma kwenu, kule alikoolewa."

Nikavuta pumzi nimweleze kwamba amefariki. Nikamwona mtoto ananichungulia kwa jicho moja. Nikasema, "Karibu ndani. Hapa mama mchungaji ni mimi."

Yule mama akamsukuma mtoto mbele. "Haya," akasema, "mradi umfute kamasi zikitiririka. Yeye mwenyewe hajali." Akaenda zake kuuza vitunguu.

Jumanne walikuwa watatu. Leo sebule haitoshi, tunahamia kwenye chumba cha kuvalia majoho. Asubuhi nafundisha, mchana natembelea wagonjwa, Jumapili nahubiri kwa kifupi kwa sababu nimechoka, na waumini wananisifu. Jana nilimshika yule wa kwanza kidevu nimwonyeshe herufi, akanicheka, akaisoma.

Kwa hiyo, mwanangu, barua zangu zikichelewa safari hii, usinihesabie huzuni. Ujue nina kazi.

Ni mimi baba yako.