Mafungu Madogo Kwenye Kidirisha

Achieng wangu,

Joto la Mombasa limekuachia? Huku Mashimoni, Kibera, tuko salama. Mtoto wa mjomba wako Ouma ameanza kutembea, na anashika kila kitu.

Umeniuliza kwa nini programu yako, iliyoenda vizuri kwenye kompyuta, inawasumbua watu ukiihamishia kwenye kile kioo kidogo cha kugusa cha kibanda chetu cha maji. Kompyuta siijui, lakini kuhama nakujua.

Nikiwa msichana niliuza mboga na dagaa wa omena Kawangware, kwenye meza ndefu. Mteja alionyesha tu kwa kidole, nami nikampa. Nilipokuja Kibera nikapata kidirisha kidogo cha kuuzia. Nikabeba kila kitu, nikapunguza tu mafungu ili yatoshee. Siku ya kwanza mama mmoja akanyoosha mkono achukue nyanya, akamwaga omena yote matopeni.

"Dada," akaniuliza, "sasa mkono wangu ungepitia wapi?"

Kesho yake nikaacha mbele nyanya, vitunguu na sukuma wiki pekee. Vingine nikaweka nyuma, anayetaka aulize.

Ule mshale wa kompyuta unaweza kupita juu ya kitufe bila kukibonyeza, sivyo? Kidole je?

Ile karatasi uliyochora kioo kwa ukubwa wake halisi ninayo hapa. Nimeweka kidole changu juu ya "Fungua Maji". Kimefunika hata "Funga Maji". Sioni nimebonyeza nini.

Ni mimi dani wako, bibi yako, ninayechota maji hapo kibandani kila asubuhi.