Kwa Baba Mdogo, Aliyejua Mama Hatakula Kithitu

Baba Mdogo,

Neno "mpendwa" nimeliacha kwa makusudi. Walimu wangu walikuwa wakali. Walinifundisha kwamba neno lisilo kweli ni kosa hata likiandikwa kwa mwandiko mzuri. Wewe uko kaburini tangu mvua za mwaka jana. Barua hii naiandika wazi ili ukoo wetu wote uisome, maana mama yangu ulimdhulumu mbele ya ukoo wote.

Nitaanza na asali, nisije nikaitwa mtu asiye na shukrani. Baba alipofariki nilikuwa na umri wa miaka minane. Ni wewe uliyenipeleka kwenye mizinga yako kule Kilungu, ukaniinua, ukaniambia niweke sikio kwenye gogo. "Usifungue kwanza, Syombua. Sikiliza. Nyuki wakiwa na hasira watakwambia wenyewe." Nilisikiliza mpaka mikono yako ikachoka kunibeba. Sega la kwanza ulinipa mimi kabla ya wanao. Hayo yote nayakumbuka, na ndiyo yanayonizidishia hasira.

Shamba la juu ulijua ni la nani. Mama alilichimba matuta pamoja na wanawake wa mwethya wake, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, wakiimba huku wakipokezana majembe. Mkonge wa mpakani aliupanda baba kwa mkono wake. Mwaka uliofuata uhuru, ukatangaza kwamba kaka yako alikuachia shamba hilo kabla hajafa. Shahidi hukuwa naye. Wazee wakaitisha mkutano.

Siku moja kabla ya mkutano ulikuja kwetu mchana. Mama alikupa uji. Mimi nilikuwa mlangoni nikichambua mbaazi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, nimerudi likizo kutoka chuo cha ualimu.

"Shemeji," ulimwuliza kwa upole, "wazee wakikwambia ule kithitu, utakula?"

"Mimi nimeokoka, shemeji. Siwezi."

"Hata kwa shamba?"

"Hata kwa roho yangu."

Ulimaliza uji, ukashukuru, ukaenda zako.

Kesho yake, hata kabla wazee hawajamaliza kusalimiana, ulisimama ukadai kithitu, kile kiapo kikuu cha Wakamba ambacho mwongo akikila, kifo huanza kuwachukua jamaa zake. Mwenye kithitu ulikuwa umekwisha kumleta kutoka Kitui. Alikaa kando na mfuko wake magotini. Mama akasema haapi.

"Basi aapie kile kitabu chake cha nyimbo!" mzee mmoja akapaza sauti, na watu wakacheka.

"Na mtoto mwenyewe ni msichana," mwingine akaongeza. "Akiolewa atabeba matuta kichwani?"

Wakacheka zaidi. Ndipo wewe ukasema, bila kucheka: "Mkristo asiyeapa anaficha nini?"

Kwa desturi, anayekataa kiapo ameshindwa. Wewe mwenyewe hukuapa, Baba Mdogo. Hukuhitaji. Kabla ya saa sita shamba lilikuwa lako, na mwezi huohuo mama alihamia Kitui kwa kaka yake, akawa anachota maji kwa kufukua mchanga wa mto mkavu.

Nilifundisha lugha shuleni kwa miaka kumi na mitano. Kisha nikaomba nafasi ya kusomea shahada ya uzamili katika usuluhishi, ng'ambo, nikiwa karibu miaka arobaini. Kwenye usaili waliniuliza, "Kwa nini usuluhishi, na si uanasheria?" Nikawajibu kwamba mahakama huwaachanisha ndugu, nami natafuta amani. Wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Niliwadanganya. Nilitaka kuujua ufundi ule uliotumia: nani huzungumza kwanza, nani hukatizwa, kanuni ipi huchaguliwa ili mtu fulani aanguke. Nilitaka kukaa kwenye kiti kile cha wazee waamuzi, nawe siku moja uje mbele yangu.

Mhadhiri mmoja alisifu usikivu wangu, akaniuliza niliupata wapi. Nikasema, "Kwa mama yangu." Mizinga yako sikuitaja. Hicho kilikuwa kisasi changu cha kwanza, na kilikuwa kitamu.

Nilirudi. Nimesuluhisha watu wa Kitui na Makueni waliopigania mipaka, mifereji, wake na makaburi. Nilikuwa mzuri katika kazi hiyo. Sioni sababu ya kuficha. Kila mlango wa ofisi yangu ulipobishwa, nilitazama kama ni wewe.

Ukaja. Ulikuwa umezeeka, umeshika kofia mikononi, na shingoni tai ya kanisani.

"Syombua, mwanangu, nimekuja unisuluhishe na ndugu zako. Wanangu wanataka kunitoa shambani."

"Shamba lipi?"

"Lile la juu."

"La juu lipi, Baba Mdogo?"

Uliigeuza kofia mara mbili. "Lile la mama yako."

Miaka thelathini nilikuwa nikilisubiri neno hilo. Lilipofika, halikunitosha.

"Wanataka tule kithitu," ukaendelea. "Wanajua nimebatizwa. Mwanangu, mimi sasa siwezi kuapa."

"Mkristo asiyeapa anaficha nini?"

Uliinama. Nikakupa chai, maana nililelewa vizuri. Kisha nikakueleza kwamba kanuni za kazi yangu zinamkataza msuluhishi kusikiliza kesi ya jamaa yake. Ilikuwa kweli tupu. Ukashukuru, kama siku ile ya uji, ukaenda.

Wazee waliwapa wanao shamba. Ulifia Kikima, kwenye nyumba ya binti yako, msichana ambaye hakubeba matuta kichwani.

Baada ya mazishi nilikwenda Kitui kumweleza mama kila kitu, pamoja na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Nilitarajia afurahi. Alikuwa akipepeta mtama. Alipepeta mpaka ukaisha, akaweka ungo chini.

"Mimi," akasema, "nilidhulumiwa na mtu ambaye hakusoma."

Tangu siku hiyo hajaniuliza habari za kazi yangu.

Sikuombi msamaha, Baba Mdogo. Nimejaribu kuandika neno hilo mara tatu, na mara zote limetoka bila ukweli, nami nimekwisha kusema maoni yangu juu ya maneno ya namna hiyo. Ninalokudai ni lile ulilomnyima mama: kulisikia jambo lote. Basi sikiliza.

Kanuni ile ina sehemu ya pili, ambayo sikukueleza. Msuluhishi anayejitoa humpeleka mtu kwa mwenzake. Mwenzangu alikuwepo siku hiyo, mtu mwadilifu, hana mgeni, anasoma gazeti. Ulipita mbele yake ulipoingia, na ukapita tena ulipotoka. Mlango wake ni wa pili, mkono wa kushoto. Ulikuwa wazi.

Ni mimi,
mtoto wa kaka yako, uliyemfundisha kusikiliza.