Dakika Arobaini na Tano

Jumatatu, 3 Machi

Kadi ya mwaliko imefika. Ngumu, nyeupe, ina ngao ya jeshi juu. Jina langu limepigwa kwa mashine, halikukosewa hata herufi. Nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza kwa kidole, kama tunavyosoma kwenye darasa letu la watu wazima.

Wageni wawili tu kwa kila mhitimu. Mfike kabla ya saa moja asubuhi, Ijumaa tarehe 14. Usivae nguo ya rangi ya jeshi. Usije na mwavuli. Usivuke kamba. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: baada ya gwaride wazazi watakaa na vijana wao dakika arobaini na tano, kisha wahitimu wataondoka kwenda vituoni.

Dakika arobaini na tano! Mashine yetu kubwa ya kufulia pale hospitalini inachukua hamsini kumaliza mzigo mmoja wa mashuka.

Kazini niliwaonyesha. Vigelegele mpaka msimamizi akatoka ofisini na kikombe chake. Nikacheka nao. Meno tu.

Nafasi ya pili ameichukua wifi, dada wa marehemu mume wangu. Nilimpigia kumpa habari, sikumwalika. Akasema siku hiyo yeye ndiye baba, na kofia ameshachagua.

Jumanne, 4 Machi

Wodi ya askari iko ghorofa ya tatu. Mwaka jana walikuwa wanatushushia kitoroli kimoja cha mashuka kwa wiki. Leo vitatu, na chai ya saa nne bado. Redio ya msimamizi inasema mpakani shwari. Sisi wa huku chini hatuna redio. Tuna mashuka.

Bi Chumvi amenifokea. (Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna doa la damu asilolitia chumvi.) Nilifungulia maji ya moto. Miaka kumi na moja niko kazi hii, nikafungulia maji ya moto! Damu huanza na maji baridi, hata mtoto anajua. Ukiipiga moto imehamia, haitoki tena.

Akaniuliza, akili umeiacha wapi, mama askari? Nikasema iko hapa hapa. Na kweli ilikuwa hapo hapo. Ndani ya lile shuka.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepita kwa fundi kupima gauni. La bluu, mikono mirefu. Fundi anaongea na pini mdomoni, ipo siku atameza neno na pini yake. Eti vipimo vyangu vya mwaka jana vinanipwaya. Eti mama wa afande hatakiwi kukonda, watu watadhani kaolewa na bahili. Nikamwambia aliyenioa yuko kaburini, ubahili wake kauacha huko huko. Akacheka, pini zikamwagika zote.

Nimerudi nyumbani nikainua godoro. Cheti cha kliniki bado kipo.

Hili sijawahi kuliandika. Naliandika leo.

Mwanangu Kijiti ana kifafa. Alianguka akiwa na miaka minne. Akaanguka akiwa na tisa. Akaanguka akiwa na kumi na tano, humu humu jikoni, kichwa kikaikosa kona ya jiko kwa upana wa kiganja. Kabla ya kuanguka kidole gumba cha kushoto huanza kucheza chenyewe. Pengine saa moja kabla, pengine siku nzima kabla. Yeye mwenyewe hakioni. Mimi nakiona.

Na fomu ya jeshi niliileta mimi. Mtoto alitaka kujifunza kutengeneza majokofu. Mimi ndiye niliyechoka kumwona amekaa mlangoni na vyeti vyake vya shule kama mtu anayengoja basi lililokwisha pita. Swali la kumi na moja: Je, una ugonjwa wa kuanguka? Kalamu yake ikasimama. Akanitazama. Nikasema, andika hapana.

Wakati ule mpakani kulikuwa kimya. Niliona sare, kitanda, sahani iliyojaa. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema. Basi mimi nimechuma, na mlaji ni yeye peke yake.

Jumamosi, 8 Machi

Amepiga simu! Wanapanga foleni, dakika mbili mbili. Sauti imekuwa nzito, nusura nimpe shikamoo mimi. Amechaguliwa kusimama wa kwanza kulia, mstari wa mbele. Gwaride zima linajipima kwake. Akikosea huyo, wamekosea wote! Alikuwa anacheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu baba yake yuko hai.

Nikauliza, na ile hali yetu je?

Akasema kwa sauti ndogo, mama, hapa kuna watu. Halafu akasema nisije na kitu chochote kutoka nyumbani. Chochote, mama, unanielewa? Nikasema hata sabuni? Hata sabuni. Simu ikakatika.

Ananijua. Mtoto huyu ananijua mpaka chini ya godoro.

Jumapili, 9 Machi

Nimefua mapazia. Hayakuwa machafu.

Jumatatu, 10 Machi

Leo ndani ya foronya ya ghorofa ya tatu nimekuta kadi. Huwa tunakuta vitu: kitana, jino la bandia, mara moja nusu ya mkate. Hii ilikuwa kadi ya mwaliko. Nyeupe, ngumu, ngao juu. Ndugu wa ile yangu. Tofauti ni tarehe tu na jina. Ya Novemba. Wamehitimu Novemba, sasa ni Machi!

Bi Chumvi akasema tupa kwenye sanduku la vilivyopotea. Sikutupa. Nikapanda nayo juu na aproni yangu imelowa. Sijawahi kupanda huko. Nikamwambia muuguzi hii ni ya mtu wa kitanda fulani, foronya imeandikwa saba. Akasema wa saba ameondoka jana. Nikauliza, ameenda nyumbani?

Muuguzi akaanza kuhesabu mashuka.

Nikasimama pale. Alipomaliza akaanza tena.

Kadi nimeirudisha chini, nimeipiga pasi, nimeiweka kwenye sanduku. Sijui nimeipigia pasi nini. Yuko mama mahali ambaye jina lake limeandikwa pale bila kukosewa hata herufi.

Jumanne, 11 Machi

Nimemuuliza Bi Chumvi, kama habari ya jirani yangu. Mume wake alikuwa karani jeshini. Nikasema jirani ana mtoto aliyeficha ugonjwa kwenye fomu, mzazi akienda kusema itakuwaje? Akakunja shuka kwanza, tukakutana naye katikati, pembe kwa pembe. Akasema wanamvua sare mbele ya wenzake. Kifungo pia kinaweza kufuata. Na kazi ya serikali asahau, hata ya kufagia.

Tukakunja la pili. La tatu. Ndipo akasema, lakini mwambie huyo jirani yako, jela wanaruhusu kutembelewa.

Hakunitazama. Akaenda kwenye chumvi zake.

Jumatano, 12 Machi

Wifi amefika na kofia ndani ya boksi lake, kaipakata njia nzima kama kichanga. Hajavua viatu, anapiga vigelegele vya mazoezi. Jirani wa kweli akaja kuuliza nani kajifungua!

Mchana nilikuwa naosha vyombo, akafungua mkoba wangu kutafuta uzi. Akakiona cheti. Mkobani nilikitia jana.

Anajua kusoma kuliko mimi. Alikisoma chote, hata mihuri. Kisha akawaka. Akasema wifi, unataka kumrudisha mtoto kama sahani yenye ufa? Mbele ya wakubwa? Siku yake? Nikasema nataka arudi. Akasema atakuchukia maisha yako yote. Nikasema achukie. Anayechukia anapumua.

Akaniuliza, na nani alimwambia aandike hapana?

Nikaweka sahani chini. Nikamwambia.

Wifi yangu, ambaye msibani kwa kaka yake alisikika mtaa wa pili, akakaa tu kwenye kiti cha jikoni. Akavua kofia aliyokuwa anaijaribu. Akachukua kile cheti, akakinyoosha kwa kiganja juu ya paja, akakirudisha mkobani mwenyewe, katikati ya leso mbili. Akasema, kisikunjike.

Kisha akatoa uzi, akanishonea kifungo.

Alhamisi, 13 Machi

Safari saa saba. Basi limejaa wazazi, utatujua kwa nguo zilizoning'inizwa dirishani. Mwanamume mmoja amevaa medali za marehemu baba yake, kila kwenye shimo zinalia. Mama wa kiti cha nyuma kamwambia mwenziwe kwamba hawa watapelekwa bandarini kulinda maghala tu, amesikia kwa mtu mkubwa. Basi zima likanyamaza kumsikiliza. Nikamwonea wivu.

Nyumba ya wageni. Tunalala mapema. Gauni la bluu liko mlangoni, wifi kaliita mtu wa tatu.

Ijumaa, 14 Machi

Tumekaa. Saa mbili kasoro. Naandikia gotini, mikono inataka kazi. Mkoba waliupekua getini, askari wa kike akakiona cheti, akakirudisha. Akasema mama umekuja na dawa zako? Nikasema ndiyo.

Wapo! Mia ngapi sijui, wameloweka uwanja mzima kwa kijani. Na kulia kabisa, mbele, ni wangu. Amenenepa shingo. Hatikisiki. Upande wetu, hatua kama kumi kutoka kwenye kamba, kuna hema na meza. Daktari wa jeshi kakaa, ana miwani, ana daftari. Wifi naye ameliona. Amenigusa kwa kiwiko.

Mgeni rasmi anahutubia. Jua limepanda. Mmoja ameanguka! Si wangu. Mstari wa tatu, kama mti. Wazazi wote tumesimama, kisha tumekaa, isipokuwa mmoja. Wamembeba hemani. Daktari hata hakuuliza maswali, akammwagia maji.

Mwingine.

Wangu amesimama. Nataka nini, Mungu wangu? Najiuliza hapa nikiwa na kalamu. Asianguke, apande lori. Aanguke, wajue, wamvue ile sare. Nimeomba yote mawili kwa pumzi moja, sijui huko juu wanafanyaje na maombi ya namna hii.

Kidole gumba kinacheza.

Cha kushoto, kwenye mshono wa suruali. Nilidhani ni upepo. Hakuna upepo. Nimemwonyesha wifi, akasema sioni kitu, wifi, macho yako hayo. Lakini amenishika mkono na hajauachia.

Saa tano na dakika kumi. Hakuanguka, si kwa jua wala kwa hotuba. Alipopita na kikosi nyuma yake, bendi ikipiga, jukwaa zima lilisimama kwa ajili yake, na wifi akapiga kigelegele kimoja cha kweli, kisha akalia.

Sasa wameachiwa. Dakika zimeanza kuhesabiwa, wametangaza kwa kipaza sauti. Tuko kwenye kamba. Malori yako nyuma ya bendi, injini hazijazimwa. Wanakuja mbio, kila mmoja anatafuta wa kwake. Nimemwona. Hajaniona. Anacheka, kofia mkono wa kulia. Wa kushoto unaning'inia, kidole bado kinakwenda.

Daktari ameanza kukunja meza.

Wifi ameshika mkoba wazi mbele yangu. Hasemi nichukue, hasemi niache. Ameniona mtoto wangu, ameinua mkono. Ule wa kushoto. Na mimi nimeshakichukua, nina kalamu huku na cheti huku, na sina mkono wa kumpungia. Naiweka kalamu.